Fahirisi ipi kwa limfoma ipi: IPI, PIT na wenzake katika saratani kali za seli T

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa wa hatari ya kati kwa fahirisi moja (hesabu ya alama zinazobashiri ugonjwa utakwendaje) na wa hatari kubwa kwa nyingine, siku hiyo hiyo, kwa damu ile ile. Si kwamba hesabu imekosewa. Kila fahirisi ilitengenezwa kwa kundi lake la wagonjwa, kwa vipimo vyake, na nyingi kati yake hazikuwahi kufikiria mgonjwa wa Mombasa mwenye malaria ya juzi, albumini iliyoshuka na sampuli ya damu iliyokaa saa nne kwenye joto ikingoja kupelekwa maabara.

Ulinganisho huu unahusu limfoma kali za seli T zilizokomaa, yaani saratani za chembe nyeupe za kinga. Lukemia kali ya seli T changa, ile ya watoto na vijana, ina njia yake: huko kinachobashiri kuliko chote ni masalia ya ugonjwa kwenye uboho baada ya awamu za mwanzo za dawa, na fahirisi zinazofuata hapa hazitumiki.

Kwanza jina la ugonjwa

Kabla ya kuhesabu alama yoyote, hakikisha unajua ni limfoma gani. Aina ya ugonjwa hubashiri zaidi ya fahirisi yoyote. Mwaka 2008 mradi wa kimataifa uliokusanya wagonjwa 1,314 kutoka vituo 22 ulionyesha pengo lenyewe: kuishi miaka 5 kulikuwa asilimia 70 kwa limfoma ya seli kubwa anaplastiki yenye protini ya ALK, asilimia 49 kwa ile isiyo na ALK, asilimia 32 kwa aina ya pembezoni isiyoainishwa na vilevile kwa ya angioimunoblasti, na asilimia 14 kwa lukemia/limfoma ya seli T ya watu wazima inayoletwa na kirusi cha HTLV-1.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye tezi. Tezi itolewe nzima. Sindano nyembamba haitoshi, kwa sababu inamwaga seli bila mpangilio wake, na katika limfoma za seli T mpangilio ni nusu ya jibu. Ikiwa ni kubwa kuliko sentimita moja ipasuliwe katikati, iwekwe kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wa formalini uwe mara kumi ya nyama. Tezi iliyolala usiku kucha kwenye maji ya chumvi huanza kuoza kutoka ndani, na rangi za maabara zikipakwa baadaye hutoa picha hafifu. Omba angalau alama za seli zifuatazo: CD3, CD20, CD30, ALK, CD4, CD8, CD10, PD-1 na kipimo cha EBER cha kirusi cha Epstein-Barr. Ongeza VVU na HTLV-1 kwenye damu. Tezi za shingo zinazotibiwa kama TB kwa miezi bila bayopsi ni hadithi ya zamani, na zinamfikisha mgonjwa kwa mtaalamu akiwa tayari hatua ya IV, ya mbali kuliko zote, jambo ambalo fahirisi kadhaa zitamhesabia.

Tatu za kawaida: IPI, PIT na alama ya Mradi wa Seli T

Hizi ndizo zinazoshindana kwa limfoma ya pembezoni isiyoainishwa, ambayo ndiyo hutupa shida zaidi.

| | IPI (1993) | PIT (2004) | Mradi wa Seli T (2018) |
|---|---|---|---|
| Umri zaidi ya 60 | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Hali ya utendaji (ECOG: 0 ni mzima, 4 ni wa kitandani muda wote) | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| LDH (kimeng'enya cha damu) juu ya kawaida | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Hatua III–IV | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Viungo nje ya tezi, zaidi ya kimoja | ndiyo | hapana | hapana |
| Uboho umeingiliwa | hapana | ndiyo | hapana |
| Albumini chini ya 35 g/l | hapana | hapana | ndiyo |
| Neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zaidi ya 6.5 ×10⁹/l | hapana | hapana | ndiyo |

IPI, fahirisi ya kimataifa ya ubashiri, ndiyo mzee wao. Ilitokana na wagonjwa 2,031 wa limfoma kali waliotibiwa miaka ya 1980, wengi wao wa seli B. Alama 0–1 ilikuwa na asilimia 73 ya kuishi miaka 5, alama 2 asilimia 51, alama 3 asilimia 43, na 4–5 asilimia 26. Usimsomee mgonjwa wa seli T asilimia hizo. Kwake mambo huwa mabaya zaidi katika karibu kila ngazi. Faida ya IPI ni kwamba kila mtu anaijua. Ukiandika "IPI 3" kwenye barua ya rufaa, daktari wa Nairobi, Dar es Salaam au India ataelewa bila kuuliza.

PIT ilitengenezwa na Waitaliano kwa wagonjwa 385 wa limfoma hii hii isiyoainishwa. Ina makundi manne: bila alama asilimia 62.3 ya kuishi miaka 5, alama moja 52.9, alama mbili 32.9, tatu au nne 18.3. Inatenganisha vizuri, lakini inadai uboho, na uboho maana yake ni kipande cha mfupa cha kutosha, kama sentimita 2, kilichopakwa CD3. Maji ya uboho peke yake hayatoshi. Seli T chache zilizotawanyika hazionekani kirahisi kwenye kioo, na maabara ikiandika "uboho wa kawaida" kwa maji yaliyochanganyika na damu, PIT inashuka kwa alama moja ambayo mgonjwa hakuistahili. Kama kipande hakikupatikana, usiandike sifuri. Andika "PIT haikukamilika", kisha tumia IPI.

Kuna PIT iliyorekebishwa mwaka 2006, inayoondoa uboho na kuweka Ki-67 (kiasi cha seli zinazogawanyika) ya asilimia 80 au zaidi. Kwenye karatasi inavutia. Kwenye maabara, Ki-67 inategemea jinsi tezi ilivyohifadhiwa na jicho la anayehesabu. Wanapatholojia wawili wanaweza kuona 70 na 85 kwenye kioo kimoja, na hapo mgonjwa amebadilishwa kundi. Sisi tunaiweka kando.

Alama ya Mradi wa Seli T ndiyo changa, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa mfuko: hesabu ya damu, albumini, CT, na macho ya daktari. Ilitokana na wagonjwa 311, na makundi yake yanaachana kweli kweli. Kuishi miaka 3 ni asilimia 76 bila alama, 43 kwa alama moja au mbili, na 11 kwa tatu au nne. Mtu angesema hii ndiyo yetu. Tunasita, na sababu ni neutrofili.

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana hali ya kurithi inayoitwa Duffy-tupu, ambapo neutrofili kwenye damu huwa chache bila ugonjwa wowote. Mtu ambaye kawaida yake ni 1.8 akifika 5.0 kwa sababu ya uvimbe, mwili wake umepiga kelele kama Mtaliano aliyefika 8, lakini fahirisi inamwandikia sifuri. Upande wa pili, prednisoloni huzipandisha neutrofili ndani ya siku moja. Mgonjwa aliyepewa steroidi kwenye kliniki ya kwanza "ili apumue vizuri" anaweza kufika na 9.0 isiyohusiana na limfoma. Kwa hiyo tumia neutrofili za kabla ya steroidi tu, na ukiona nambari iko kati ya 4 na 6.5 kwa mgonjwa aliyechoka sana, usiamini sana kundi linalotoka.

Mgonjwa mmoja, fahirisi tatu

Tuseme mwanamke wa miaka 58 kutoka Kisauni, limfoma ya pembezoni isiyoainishwa. CT inaonyesha tezi juu na chini ya kiwambo: hatua ya III. Yuko kitandani zaidi ya nusu ya siku na anasaidiwa kuoga: ECOG 3. LDH ni 610 ambapo mwisho wa kawaida wa maabara hiyo ni 250. Albumini 31, neutrofili 4.2, uboho safi.

Kwa IPI anapata alama 3: LDH, utendaji, hatua. Kati-juu. Kwa PIT anapata 2: LDH na utendaji, asilimia 32.9 ya miaka 5. Kwa Mradi wa Seli T anapata 3: albumini, utendaji, hatua, asilimia 11 ya miaka 3. Tazama tofauti hiyo: kundi la theluthi moja na kundi la mmoja kati ya tisa. Sasa uliza: albumini 31 ni ya limfoma, au ana TB, au amekula chai na mkate kwa miezi miwili? Na ECOG 3 je, ni ugonjwa au ni damu yenye hemoglobini 6 ambayo pinti mbili zitaiinua kesho? Ukimwongezea damu akasimama na kwenda msalani mwenyewe, usifute ECOG ya mwanzo. Iandike, kisha andika na ya pili pamoja na tarehe. Fahirisi zilijengwa kwa ECOG ya wakati wa utambuzi, lakini dozi ya dawa huamuliwa kwa ile ya siku ya kuanza.

Tukiulizwa, kwa mgonjwa huyu tungebeba IPI kama lugha ya rufaa na PIT kama ubashiri, na tungeitumia alama ya tatu kama onyo: ashughulikiwe lishe na atafutwe TB kabla ya CHOP, mchanganyiko wa kawaida wa dawa za limfoma, si baada ya homa ya kwanza.

Vipimo vinavyodanganya

LDH inaongoza. Damu ikivunjika ndani ya chupa, LDH ya seli nyekundu humwagika na nambari kupanda mara mbili bila limfoma kuhusika. Sindano nyembamba, kuvuta kwa nguvu, kutikisa chupa, kuchelewa: vyote vinavunja. Seramu itenganishwe ndani ya saa mbili. Wengine, kwa kuogopa joto la Machi, huitia sampuli friji. Hapo wanaharibu upande mwingine, kwani aina fulani za LDH hufa kwenye baridi. Iache joto la chumba chenye kiyoyozi, iwahi mashine. Malaria na selimundu pia huipandisha, na pwani vyote viwili tunavyo, kwa hiyo pima malaria siku hiyo hiyo. Tena, usinakili nambari tupu kutoka maabara moja kwenda nyingine. Mbinu za kupima zinatofautiana kiasi kwamba 400 ya huku ni kawaida na 400 ya kule ni ugonjwa. Andika ni mara ngapi ya mwisho wa kawaida.

Hatua ya ugonjwa ikiwa imepimwa kwa altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua tu, mara nyingi imepunguzwa. Tezi za nyuma ya tumbo hujificha nyuma ya gesi. CT ya shingo, kifua, tumbo na nyonga ndiyo kiwango cha chini. Na katika IPI kumbuka kwamba wengu na mafindofindo huhesabiwa kama tezi, ilhali uboho, ini na ngozi ni nje ya tezi.

Angioimunoblasti

Hapa IPI hufifia, kwa sababu karibu kila mgonjwa huja akiwa hatua ya III au IV na wengi wamepita miaka 60. Kila mtu anaangukia kundi moja. Ipo PIAI, fahirisi yake yenyewe: umri zaidi ya 60, ECOG 2 au zaidi, zaidi ya kiungo kimoja nje ya tezi, dalili za B (homa, jasho la usiku, kukonda), na chembe sahani chini ya 150. Alama 0–1 ni asilimia 44 ya miaka 5. Mbili na zaidi ni 24. Haitenganishi kwa umbali mkubwa, na dalili za B na chembe sahani ni mambo mawili ambayo malaria huiga bila taabu. Fahirisi ya baadaye, ya 2021, inatumia umri, utendaji, CRP na beta-2 mikroglobulini, protini mbili za damu. Kama maabara yako inatoa beta-2 kwa uhakika, tuipendelee hiyo. Angalia figo kwanza, maana figo zikichoka beta-2 hupanda zenyewe.

Seli kubwa anaplastiki

Hapa kipimo kimoja cha ALK kwenye tezi kina uzito kuliko fahirisi. Rangi ya ALK ni ya bei ndogo ukilinganisha na chochote kinachofuata. Sehemu ya ubora wa ALK inatokana na ujana wa wagonjwa wake, hivyo mwenye ALK wa miaka 60 asipewe matumaini ya kijana wa 20. Kwa wasio na ALK, vipimo vya jeni vya DUSP22 na TP63 vinatenganisha: utafiti wa 2014 uliwapa wenye DUSP22 asilimia 90 ya miaka 5 na wenye TP63 asilimia 17. Tafiti za baadaye hazikuirudia hiyo 90 kwa uzuri uleule. Usimpunguzie mtu dawa kwa sababu ya DUSP22 peke yake.

HTLV-1: fahirisi mbili, moja inafaa

Kwanza ainisha lukemia/limfoma ya HTLV-1 (kwa kifupi ATL) kama ilivyopangwa 1991: kali, ya limfoma, sugu, au inayofuka polepole. Mbili za kwanza ndizo hasa za kuhesabiwa.

ATL-PI ya 2012 inatoa alama 2 kwa hatua III–IV, na alama moja moja kwa ECOG zaidi ya 1, umri zaidi ya 70, albumini chini ya 35 g/l, na kipokezi cha IL-2 kinachoelea kwenye damu zaidi ya 20,000 U/ml. Nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 16.2 katika kundi la chini, 7.0 la kati, 4.6 la juu. Kikwazo ni hicho kipokezi cha IL-2: Japani hupimwa kama sukari, kwetu si cha kila maabara.

JCOG-PI ya 2011 inataka vitu viwili tu: kalsiamu iliyorekebishwa ya 2.75 mmol/l au zaidi, au ECOG 2–4. Ukiwa na kimojawapo uko hatari kubwa, miezi 8. Bila chochote, miezi 14. Hii ndiyo tunayoipendekeza Mombasa, mradi kalsiamu irekebishwe. Mfano: kalsiamu 2.55 inaonekana salama. Albumini ni 25. Zidisha 0.02 kwa pengo la albumini kutoka 40, yaani 15, unapata 0.30. Kalsiamu ya kweli ni 2.85, na mgonjwa amevuka mstari. Anayetoa damu ajaze chupa isiyo na dawa kabla ya ile ya zambarau. Tone la EDTA, dawa ya chupa ya zambarau, likiingia, kalsiamu hushuka na potasiamu hupanda, na daktari anaambiwa hakuna shida ilhali ipo. Mpira wa mkono usikazwe muda mrefu.

Na kabla ya steroidi kwa mwenye HTLV-1, mtibu minyoo ya strongiloidi kwa ivermektini. Hakuna fahirisi inayoihesabu, lakini inaua.

NK/T ya pua

Kwa limfoma hii ya seli za NK/T, usitumie PIT wala IPI. Tumia PINK ya 2016: umri zaidi ya 60, hatua III–IV, tezi za mbali, na kuanzia nje ya pua. Bila alama ni asilimia 81 ya miaka 3, alama moja 62, mbili na zaidi 25. PINK-E huongeza DNA ya kirusi cha Epstein-Barr kwenye plazma. Ongezeko hilo linaaminika zaidi kama maabara imetumia plazma. Damu nzima hubeba kirusi kilicholala ndani ya seli B za karibu kila mtu mzima na huweza kumpandisha alama bure. Fahirisi hizi pia zinadhani mgonjwa anatibiwa kwa dawa zisizo na doksorubisini, na mionzi inapofaa. Akipewa CHOP ya kawaida, asilimia hizo si zake.

Baada ya dawa kuanza

Kuna ubashiri unaoshinda fahirisi zote za mwanzo, nao ni kalenda. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wa limfoma za pembezoni waliofika miezi 24 tangu utambuzi bila ugonjwa kuendelea au kurudi, asilimia 78 yao waliishi miaka 5 zaidi. Walioshindwa kufika hapo, nusu yao walifariki ndani ya miezi 4.9 tangu ugonjwa uendelee au urudi. Kwa angioimunoblasti picha ni hiyo hiyo: asilimia 63 dhidi ya 6 za miaka 5. Upungufu wake unajulikana: haikusaidii kuamua leo.

PET-CT, picha inayoonyesha seli zinazowaka kwa kula sukari nyingi, husogeza jibu karibu. Mgonjwa wa Mombasa huweza kuifuata Nairobi, Aga Khan au hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kama pesa inatosha safari moja tu, tungeipeleka kwenye PET ya mwisho wa matibabu, wiki 6 hadi 8 baada ya dozi ya mwisho, kuliko ya katikati. PET ya katikati yenye doa katika seli T mara nyingi haibadilishi dawa unayoweza kumpa, na uvimbe wa TB huwaka kama limfoma. CT inaweza kufanya kazi ya katikati.

Jambo la mwisho huchanganya hata madaktari wazoefu: ugonjwa ukirudi, watu huhesabu IPI upya na kumsomea mgonjwa asilimia za jedwali la mwanzo. Majedwali yote hapa yalitokana na wagonjwa wapya ambao hawajaguswa na dawa. Ukirudi, cha kuangalia ni ulikaa muda gani kabla ya kurudi, mgonjwa anasimama au amelala kitandani, na kama CD30 ipo kwenye tezi mpya, kwa sababu hiyo ndiyo itakayosema kama brentuksimabu, dawa inayolenga CD30, inafaa kuulizwa bei. Tezi hiyo mpya nayo ipasuliwe na kuwekwa formalini kama ya kwanza.